Usiwasimamishe Mbele

Januari hii, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, sikuandika matarajio wala ahadi za mwaka mpya wa masomo. Nimestaafu. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, kikombe cha chai mkononi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Happiness, mwalimu kijana aliyepewa darasa langu la saba.

"Shikamoo Mama Baraka. Mwalimu Mkuu anataka matarajio na ahadi zetu kabla ya Ijumaa. Wewe uliandikaga nini? Nitumie hata ya mwaka jana nibadilishe tarehe. Halafu anataka na majina ya watakaofaulu, eti watasimamishwa mbele ya wazazi."

Mwanzo nilicheka, maana kubadilisha tarehe ndiyo fani niliyoimudu kuliko zote katika ualimu. Nilipofika kwenye majina, kicheko kikaisha. Chai ilipoa bado nimekasirika, nikajua jibu halitaenea kwenye simu. Basi, Happiness, na wenzako wote mnaoanza mwaka na chaki mpya, jibu lenu ni hili. Ni refu, lakini mnayo mpaka Ijumaa.

Nilianza kazi katika shule ya msingi moja nje kidogo ya Kolandoto, nikiwa na cheti cha ualimu, sanduku la bati, na imani kwamba watoto walikuwa wakinisubiri mimi. Walikuwa wakisubiri uji. Siku ya kwanza niliingia darasa la kwanza nikasema kwa sauti ya chuoni, "Habari za asubuhi, watoto wazuri," wakanitazama kama watu wanaotazama redio iliyopoteza stesheni. Nyumbani kwao kilisemwa Kisukuma. Kiswahili kilikuwa bado kiko njiani. Mwalimu Limbu, mzee aliyefundisha darasa la jirani, akachungulia dirishani na kuwaambia, "Mwangaluka!" Darasa zima likaitika salamu ile mpaka mabati yakatetemeka. Akanigeukia.

"Wameamka sasa. Endelea na uzungu wako."

Limbu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha namna ya kuponda mkaa wa betri zilizokufa, kuuchanganya na majani ya matembele na kuupaka ubao Jumamosi ili Jumatatu uwe mweusi. Alinionyesha kukata chaki katikati ili isipige kelele. Aliniambia nisitazame nyuso za watoto ninapofundisha, nitazame miguu, kwa sababu mtoto anayepanga kutoroka huanza kwa kutoa mguu mmoja nje ya dawati. Hayo hayakuwamo kwenye kitabu changu chochote, na mpaka leo sijaona kitabu kilichoyaandika.

Januari yangu ya kwanza tuliambiwa tuandike matarajio na ahadi. Mimi niliandika kurasa nne. Nilitarajia "kila mtoto kujifunza kwa furaha katika mazingira rafiki", huku wengine wakiwa wamekaa sakafuni. Limbu aliandika mistari miwili. Matarajio: watoto watakuja. Ahadi: nitakuwepo. Mwalimu Mkuu wa wakati huo akamrudishia karatasi.

"Mwalimu Limbu, ongeza kidogo."

Limbu akaongeza nukta, akamrudishia.

Nilimwona mvivu. Nilikuwa kijana, na karatasi yangu ilikuwa na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula.

Baada ya miaka mingi nilienda chuo kikuu. Nilirudi na shahada na maneno mengi, nikaomba nipangwe tena shule ya msingi. Ndugu zangu waliamini nimefeli na ninaficha. Nikapelekwa Geita, kwenye shule iliyo jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo. Kutoka darasani tulisikia makarasha yakisaga mawe kutwa nzima, na ukitaka kusikika ulijifunza kusema kati ya jiwe na jiwe. Watoto wale walijua kupima kabla ya kujua kusoma. Muulize mtoto sehemu ya kumi ya gramu, atakujibu huku anajikuna. Muulize kivumishi, ataomba kwenda chooni. Ikivuma rashi, yaani dhahabu ikionekana mahali papya, darasa lilibaki nusu.

Hapo ndipo nilipomkuta Milembe.

Milembe alikuwa binti mwembamba wa darasa la saba, mwenye sauti ya kunong'ona na mkono usiokaa chini. Nilikuwa bado naandika swali ubaoni yeye ameshanyoosha. Nikimpuuza ili wengine wapate nafasi, aliunyanyua mkono wa kushoto kuusaidia wa kulia. Wakati wa mapumziko aliwafanyia wenzake hesabu kwa malipo ya mihogo, mpaka nikamkataza. Kesho yake akawa anawafundisha namna ya kuzifanya, kwa malipo yaleyale, na hapo sikuwa na kifungu cha kumkataza.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mtu wa vipaza sauti. Kila Januari aliitisha mkutano wa wazazi akauita Siku ya Matarajio. Alikodi spika, akapanga viti vya plastiki, akamwalika ofisa elimu akae kwenye kiti chenye kitambaa. Kila mwalimu alisoma ahadi zake. Kisha kikaja kilele: Mwalimu Mkuu aliita majina ya watoto wa darasa la saba tunaowatarajia kuchaguliwa kwenda sekondari, wakasimama mbele, wazazi wakapiga makofi. Majina tulimpa sisi walimu wa darasa.

"Haya ndiyo majembe yetu!" alinguruma. "Hawa wanakwenda! Hakuna wa kuwazuia!"

Mwaka ule Milembe alisimama wa kwanza, na nyuma yake wasichana wengine kadhaa, Sabina akiwemo, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Wavulana pia walikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Chuoni nilikuwa nimeandika utafiti mzima kuhusu namna sifa za hadharani zinavyompa mtoto ari, na sasa nadharia yangu ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa sare.

Mwezi wa sita ukaja mtihani wa majaribio. Nilikuwa nasahihisha Hisabati nikafika kwenye karatasi ya Milembe. Mtihani wenyewe sehemu kubwa ni ya kuchagua herufi. Swali la kwanza, B. La pili, B. La tatu, B. Nikashuka mpaka chini: B. Nikachukua karatasi ya Sabina. Yeye alipendelea C.

Nilimwita Milembe nyuma ya darasa.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Robo ya mia mbili?"

"Hamsini, mwalimu."

"Na hapa umejibu nini?"

"B."

"Na hapa?"

"B."

"Na huku?"

Akatazama viatu vyangu. "Mwalimu, si unaona mwenyewe?"

"Nani kakufundisha?"

Akangoja karasha lisage mawe yake, linyamaze. "Baba. Kasema nichague herufi moja, nishuke nayo kama mtu anayeshuka shimoni, nisiangalie pembeni. Huu ni wa kujaribia. Kasema na ule wa kweli iwe hivyohivyo."

Kwa yeyote asiyelijua eneo letu, nieleze. Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari halafu asiripoti, mtendaji wa kata anafika na mgambo, na baba anaweza kulala ndani. Mtoto aliyefeli hana anayemtafuta. Kwa hiyo baba anayetaka kumwoza binti yake hahitaji kugombana na serikali. Anahitaji binti afeli tu. Serikali yenyewe ndiyo itakayomkabidhi, na nakala ya matokeo juu.

Nilimfuata baba yake kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kahawia mpaka magotini, akatoka, akajifuta mikono, akanionyesha kiroba cha mchanga.

"Mwangaluka, mwalimu. Kaa hapo, ni kikavu."

"Mwangaluka, Baba Milembe. Nimekuja kuhusu mtoto."

"Kafanya nini?"

"Kafeli."

"Ah," akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeletewa mzigo alioagiza. "Pole, mwalimu. Kazi zenu ngumu."

"Baba Milembe, mimi na wewe ni watu wazima. Mtoto kaniambia."

Hakubisha. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliniambia kuna mwenye duara, mmiliki wa shimo la upande wa pili, ameshaleta maneno na anasema ana ng'ombe wa kutosha. Aliniambia sekondari iko mbali, mabinti wanapakiwa kwenye bodaboda na wanarudi na mimba. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Na ninyi ndio mlionisaidia, mwalimu. Mimi nilijua anasoma soma tu kama wengine. Nikaja kwenye ule mkutano wenu, nikasikia kwenye spika: huyu anakwenda, hakuna wa kumzuia. Nikajiambia, kumbe? Basi nisipowahi nimempoteza. Tena siyo mimi peke yangu. Tulitoka pale akina baba tunaulizana, wako kasimamishwa? Na wako?"

"Mtoto ana akili kuliko darasa zima!"

"Ndiyo mlivyosema. Kwenye spika." Akaokota karai lake. "Na akifeli, mwalimu, watasema kosa la nani? Sitakuwa mimi. Mimi sifundishi."

Nilirudi kwa miguu nikizungumza peke yangu njia nzima. Mafundi wa karasha walinisalimia, sikuitika. Tulikuwa tumekodi spika, tukaita akina baba waliokuwa hawana habari, tukawapangia mabinti kwa mstari, tukawaonyesha kwa kidole ni yupi hasa wa kumwahi. Tena tukapiga makofi. Wale tusiowataja, tuliodhani hawatafika popote, hakuna baba aliyehangaika kuwafundisha kufeli.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. Akanisikiliza akizungusha kalamu.

"Mama Baraka, tatizo ni mwamko wa wazazi. Mwakani tutakodi spika kubwa zaidi."

Nikarudi kwa Milembe. Nilidhani tatizo lake ni utii. Haikuwa hivyo.

"Majibu nayajua, mwalimu. Lakini nikifaulu baba atajua nimemkaidi. Atanipiga mimi, halafu atampiga mama kwa sababu yangu. Mama hajafanya mtihani wowote."

Nilifikiri siku kadhaa. Shahada yangu haikunisaidia. Kilichonisaidia ni kuishi Geita, na kumkumbuka Limbu aliyeniambia nitazame miguu. Nilitazama watu wale wanasimama kwenye nini. Wachimbaji hawaamini ramani, hawaamini wataalamu, na mwalimu wanamwamini kidogo sana. Wanaamini bahati. Mtu aliyepiga sururu mara moja akaona mali, husindikizwa njiani, watu wanagombea kumshika mkono. Hakuna anayemuuliza alijuaje. Alikuwa na bahati, basi, na bahati haichapwi viboko.

"Milembe," nikamwambia, "kwenye mkutano wa wazazi wa Julai nitakutukana mbele ya watu."

"Kwa nini?"

"Ili baba yako aamini kwamba hujui kitu. Ukifaulu, hukumkaidi. Ulishuka na herufi moja kama alivyokufundisha, ukabahatika."

Akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mtihani ule, akatabasamu. "Nitukane vizuri, mwalimu. Baba anakujua, ukitania ataona."

Mkutano wa Julai ulifika. Ilipofika zamu yangu ya kueleza maendeleo ya darasa la saba, nilishika kipaza sauti.

"Januari tulimsimamisha hapa Milembe," nikasema. "Tulikosea. Mtoto huyu ameporomoka. Nimemjaribu mwenyewe, ameshasahau hata hesabu za darasa la nne. Akipita mtihani huu, itakuwa ni kwa kubahatisha. Mimi simtarajii kabisa."

Mwalimu Mkuu alinivuta gauni. "Mama Baraka, unafanya nini?" Ofisa elimu aliandika kitu. Milembe alikuwa amekaa na wenzake chini ya madirisha, ameinamisha kichwa, analia machozi halisi, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya kuigiza. Baba yake, mstari wa tatu, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikitika, akamnong'oneza jirani yake. Sijawahi kufanya kazi chafu kama ile kwa nia njema namna ile. Mtoto bora niliyewahi kumfundisha, ili nimlinde, ilibidi nimwite mjinga kwa spika ya kukodi.

Nilijaribu kuwaombea na wengine. Baba yake Sabina alinifukuza kwa mbwa.

Mtihani ukafanyika Septemba. Matokeo yalipotoka, Milembe alichaguliwa kwenda shule ya bweni. Baba yake alifika ofisini siku ya pili, bado ana tope miguuni.

"Mwalimu, ulisema hajui kitu."

"Nilisema, Baba Milembe. Mbele ya watu wote."

"Sasa imekuwaje?"

"Kabahatisha."

"Kwa herufi moja tu?"

"Moja hiyohiyo. Mimi mwenyewe nashangaa. Mtoto wako ana bahati, sijapata kuona."

Alikaa kwenye benchi. Niliona hasira ikitafuta pa kukaa, ikakosa. Aliishika kofia yake akaizungusha. Hatimaye akasema polepole, "Bibi yake naye alikuwa hivyohivyo." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba siri, kama bahati ya namna ile ni ya karatasi tu au inaweza kufanya kazi na kwenye mwamba.

Milembe alinisimulia mwenyewe kwamba kabla ya kuondoka, baba yake alimpeleka machimboni amchagulie pa kuchimba. Binti akanyoosha kidole mahali popote. Walichimba wiki nzima wakakuta maji. Baba akasema bahati yote imeishia kwenye mtihani, akamnunulia sanduku la bati.

Watu huniambia hadithi hii inachekesha, na huwa nawaacha wacheke. Mimi hainichekeshi. Binti alifanya kazi miaka saba, akazijua hesabu zake moja baada ya nyingine, na mpaka leo nyumbani kwao anajulikana kama mtoto aliyebahatisha. Haki ya kuitwa mwenye akili tulimnyang'anya ili apate haki ya kusoma. Nani alitupangia tuchague kati ya hizo mbili?

Na kati ya wasichana wale, huyo mmoja ndiye pekee aliyefaulu. Sabina alishuka na C yake mpaka chini. Wasichana wengine waliosimama Januari ile walishuka kila mmoja na herufi yake. Ufaulu wa shule ukaanguka, wakaja wakubwa kutuuliza kwa nini walimu wa Geita ni wazembe. Tulipelekwa semina. Tuliambiwa tuongeze matarajio. Nilimkuta Sabina baadaye sokoni Geita, mtoto mgongoni, anauza dagaa. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanifungia dagaa kwenye karatasi na kuniandikia juu yake bei, kwa mwandiko uleule. Nikaitika marahaba.

Januari iliyofuata spika kubwa zaidi ikaja kweli. Nilikataa kutoa majina mapema, nikasema nitayasoma mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nilifungua daftari la mahudhurio nikaanza na jina la kwanza.

"Asimame mbele."

La pili, asimame mbele. La tatu. Niliita darasa zima, wavulana kwa wasichana, wajuzi na wale ambao bado wanachanganya b na d, mpaka na yule aliyekuwa haji shule tangu rashi ya Novemba. Nilimwita mara mbili, mama yake akasimama kwa niaba yake. Wakajaa mbele, wakafika mpaka kwenye meza ya ofisa elimu, mmoja akakanyaga waya wa spika ikazimika. Ikabidi nipige kelele.

"Hawa ndio ninaowatarajia! Wote!"

Niliwatazama akina baba. Walikuwa wanatazama, wanahesabu, wanatazamana. Hakuna aliyeweza kujua ni yupi wa kumwahi. Makofi yalichelewa, kisha yakaanzia upande wa akina mama.

Mwalimu Mkuu alisubiri wageni waondoke. Akaniambia nimeidhalilisha shule. Mwezi uleule nikapata uhamisho kuja Shinyanga mjini, kwa manufaa ya umma. Sijui ni umma upi. Mahali pangu aliletwa mwalimu mwingine, na nasikia watoto wanasimamishwa mbele mpaka leo, na spika sasa ina taa.

Basi, Happiness, jibu lako. Katika matarajio andika kwamba watoto watakuja. Katika ahadi andika kwamba utakuwepo. Mwalimu Mkuu akikwambia uongeze, ongeza nukta. Watakaofaulu wajue wewe moyoni, uwaongezee kazi, uwabane, uwakalie shingoni. Lakini wakikwambia uwasimamishe mbele, simamisha darasa zima, hata likigonga meza ya mgeni rasmi.

Nilimtumia maneno hayo kwa ufupi kwenye simu. Akajibu palepale.

"Sawa Mama. Na Mwalimu Mkuu akikataa?"

Nikamwandikia: akikataa, mwambie nimekutuma mimi. Aje aniulize mwenyewe, nipo Ngokolo, nimekaa barazani. Nimeshastaafu. Hana tena pa kunihamishia.